Mnapokuja kudai patanti, ulizeni na kinga ya grainda

Barua ya wazi kwa Meya wa Mji wa Kolwezi na wakuu wa komini za Dilala na Manika

Waheshimiwa viongozi wetu,

Mimi ni fundi wa chuma. Nachomelea milango na madirisha, nakata na kupinda nondo za nguzo na za linta, na vijana wanajifunza kazi kwangu. Naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la siri: linafanyika kando ya barabara mnazopita kila siku.

Tangu Kolwezi iwe mji mkuu wa Jimbo la Lualaba mwaka 2015, ujenzi haujapoa. Nyumba ya tofali za simenti inataka nguzo, nguzo inataka nondo, na nondo lazima ikatwe. Anayeikata mara nyingi ni kijana aliyechuchumaa chini, kandambili miguuni, amekanyaga nondo kwa mguu mmoja isimkimbie, na mikononi ameshika grainda isiyo na kinga, ile ngao inayofunika diski. Cheche zinampiga kifuani. Macho ameyafinya, na huko kuyafinya ndiko miwani yake.

Ombi langu ni dogo, na nalitaja mapema: mawakala wanaokuja kwenye atelye zetu kudai patanti, ile kodi ya biashara ndogo, waulize pia kama grainda ina kinga. Waulize, waione kwa macho, waandike. Yanayofuata ni kueleza kwa nini swali hilo moja lina uzito, na nini kiambatane nalo.

Mji wetu una sheria mbili za chuma. Kwenye migodi mikubwa, mfanyakazi hapiti getini bila kofia ngumu, buti na miwani, na mashine inakaguliwa kabla ya kuwashwa. Nje ya ukuta huo, kijana wa rika lile lile anakata chuma kile kile kwa mashine ile ile, na hakuna anayemuuliza kitu. Tofauti yao si akili wala ujasiri. Mmoja ana mtu wa kumuuliza, mwingine hana.

Hali hii ina historia. Wazee wengi waliotufundisha kazi walikuwa watu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kampuni iliyumba miaka ya 1990, na mpango wa kuondoka kwa hiari ulipoanza mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachana nayo. Waliokuwa na ufundi mikononi waliutegemea huo kulisha familia, wakafungua atelye nyuma ya nyumba, wakachukua watoto wa jirani kuwafundisha. Ufundi waliondoka nao. Stoo ya glavu, miwani na diski mpya ilibaki kwenye kampuni, pamoja na yule mkaguzi mkali aliyekuwa akipita kila asubuhi. Sisi tumerithi kazi ya mikono, hatukurithi stoo wala mkaguzi.

Sasa niruhusuni nieleze mashine yenyewe, kwa maana wakala anayeuliza kinga bila kujua kazi yake atadanganywa mchana kweupe.

Grainda ndogo, ile ya diski ya milimita 115, huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Grainda kubwa ya diski ya milimita 230 huzunguka polepole zaidi, kama mara 6,500. Sababu ni kwamba diski ikiwa pana, ukingo wake hukimbia zaidi kwa mzunguko ule ule. Diski nyingi za kukatia chuma zimetengenezwa kuhimili mwendo wa mita 80 kwa sekunde ukingoni, yaani karibu kilomita 290 kwa saa. Zaidi ya hapo, aliyeitengeneza hana tena neno la kukuahidi.

Tazameni tunavyofanya mitaani. Diski ndogo inaisha haraka, pana inakata nondo nyingi kabla ya kwisha. Tundu la katikati ni moja kwa zote mbili, la milimita 22. Kinachozuia diski pana isiingie kwenye mashine ndogo ni kinga tu. Basi kinga inafunguliwa, inatupwa pembeni, na diski ya milimita 230 inafungwa kwenye mashine ya 115. Ukingo wake sasa unakwenda mita 130 kwa sekunde. Nguvu inayoivuta diski ipasuke hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo inakuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya kiwango cha mwisho cha diski hiyo. Siku ikipasuka, kipande hakichagui kati ya aliyeishika, mwenzake anayepinda ringi za nguzo, na mama anayepita na beseni lake la mboga.

Ndiyo maana naomba swali liwe juu ya kinga. Kinga ikikosekana, wakala amepata habari mbili kwa mpigo: uso wa kijana hauna ngao, na huenda diski iliyofungwa si ya mashine hiyo.

Diski nayo ina umri wake. Imegandishwa kwa rezini, na rezini hupungua nguvu kwa muda na kwa unyevu. Kwenye pete ya chuma katikati ya diski imechapwa tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitatu tangu itengenezwe. Ni wangapi kati yetu wanaisoma? Mvua za hapa zinaanza karibu Oktoba na kuendelea hadi Aprili, na diski inalala sakafuni kwenye banda linalovuja. Asubuhi inafungwa ikiwa bado na unyevunyevu. Diski ikae mahali pakavu, ilale juu ya ubao ulionyooka, na ikifungwa izungushwe hewani kama nusu dakika bila kugusa chuma, watu wakiwa wamekaa pembeni, si mbele yake.

Liko kosa lingine ambalo hata mafundi wazuri hulifanya, nalo ni namna ya kulaza nondo. Kijana anaweka tofali upande huu na tofali upande ule, kisha anakata katikati. Nondo inapokaribia kukatika, inabonyea kwa uzito wake, mdomo wa mkato unafunga na kuibana diski. Diski ikibanwa, mashine inaruka nyuma kumfuata aliyeishika, kwenye paja, tumbo au shingo. Dawa yake haina gharama. Nondo ibanwe kwenye jiliwa au ifungwe imara juu ya meza, mkato uwe karibu na pale ilipobanwa, na kipande kinachokatwa kining'inie bila kuegemezwa. Hapo uzito wa kipande unaufungua mkato badala ya kuufunga. Mikono yote miwili iwe kwenye mashine, mshikio wa pembeni uwepo, na mwili usimame kando ya mstari wa diski. Mguu si jiliwa.

Umeme nao una mchango wake. Tunakaa karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke, na laini kubwa kutoka Inga, ya kilomita 1,700 hivi, mwisho wake ni hapa Kolwezi. Mitaani kwetu umeme bado unakatika bila taarifa. Kijana yuko katikati ya mkato, umeme unakatika, anaiweka grainda chini na kwenda kutafuta maji ya kunywa. Swichi ameiacha imewashwa. Umeme unaporudi, mashine inaamka yenyewe, inarukaruka sakafuni na diski ikizunguka, kati ya miguu ya watu na kamba ya umeme. Kila mwanagenzi afundishwe hivi: umeme ukikatika, kwanza zima swichi, kisha chomoa plagi, ndipo uweke mashine chini. Wenye uwezo wa kununua mashine mpya wachague ile inayozima mara tu kidole kinapoachia, au ile isiyojiwasha umeme ukirudi.

Na macho. Cheche ya nondo ni chembe ya chuma cha moto. Ikiingia jichoni inashika kwenye kioo cha jicho, na kwa kuwa ni chuma, inaanza kushika kutu humo humo, mara nyingine kabla siku haijaisha. Kawaida yetu ni mwenzako kukuinamisha kichwa juani na kukutolea kwa ncha ya kitambaa au njiti ya kiberiti. Mara nyingi chembe inatoka na pete ya kutu inabaki, au njiti inakwaruza kioo na uchafu unaingia. Jicho lioshwe kwa maji safi mengi, lisisuguliwe, lifunikwe bila kubanwa, na mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Miwani ya jua inayouzwa sokoni si kinga, kwa sababu pembeni iko wazi na kioo chake kinaweza kuvunjika na kuingia kulekule. Inayotakiwa ni miwani ya plastiki ngumu iliyofunika pembeni, na juu yake ngao ya uso kwa anayekata kutwa nzima. Masikio yasisahauliwe. Grainda ikikata chuma inaweza kufika desibeli 100, na kwa kelele hiyo wataalamu wa afya kazini wanahesabu dakika 15 kwa siku kuwa mwisho bila kuziba masikio.

Kuhusu glavu, nieleze kidogo kwa sababu hapa hata wenye nia njema hukosea. Glavu ya ngozi inayobana mkono inafaa. Glavu ya kitambaa iliyolegea, shati lenye mikono inayopepea, au kitambaa kilichozungushwa shingoni, diski inavivuta na kuvuta mwili pamoja navyo. Na cheche zinafika mbali. Wauza petroli wanaopanga chupa zao kando ya barabara mbele ya atelye zetu ni jirani zetu na tunawapenda, lakini upande zinakorukia cheche si mahali pao.

Waheshimiwa, si kila nondo inataka grainda. Nondo za ringi, za milimita 6 na 8, zinakatwa na mkasi wa chuma wa mikono mirefu, mradi unene wake haupiti ule ulioandikwa kwenye mkasi. Msumeno wa chuma unakata nondo ya milimita 12 kwa dakika chache, ukifungwa vizuri: meno yaelekee mbele, bapa lake livutwe hadi likaze kama uzi wa gitaa, nguvu iwe wakati wa kusukuma tu, mipigo 40 hadi 60 kwa dakika, na urefu wote wa msumeno utumike. Kwa nondo nyembamba msumeno wa meno 24 kwa inchi, kwa nene wa meno 18. Anayetumia tindo na nyundo juu ya fuawe aangalie kichwa cha tindo: kikiwa kimefumuka pembeni, kisagwe kwanza, kwa maana zile kingo ndizo zinazoruka kama risasi. Halafu kuna mashine ya wenzo inayofungwa kwa bolti juu ya meza, unavuta mkono na nondo inakatika. Haina cheche, haina kelele, haitaki umeme. Katika mji ambao umeme unakuja na kuondoka, hiyo ndiyo ingekuwa mashine yetu ya kwanza. Anayeitumia aweke vidole mbali na meno yake, ashike upande mrefu wa nondo, na asiruhusu mtu kusimama mahali kipande kifupi kinaporukia.

Hapa ndipo wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wanapoingia. Nondo inauzwa kwa urefu wa mita 12. Ya milimita 12 ina uzito wa karibu kilo 11, ya milimita 16 karibu kilo 19. Mnunuzi wa kawaida hana lori. Anaikunja nondo katikati, anaifunga kwenye mkokoteni au kwenye pikipiki, ncha zinaburuzwa barabarani zikitafuta miguu ya watoto wa shule. Ikifika nyumbani inanyooshwa kwa nyundo, kisha inakatwa chini, kwenye vumbi, na kijana wa kandambili. Kama kila duka linalouza nondo lingekuwa na mashine moja ya wenzo na mtu mmoja anayeijua, mnunuzi angekuja na vipimo vyake vimeandikwa kwenye karatasi, akaondoka na vipande vilivyokatwa sawa, vyepesi kubeba. Mikato mingi ingehama kutoka barabarani kuja kwenye meza. Duka nalo lingepata wateja, kwa sababu mjenzi anapenda anakopunguziwa kazi.

Najua majibu yanayonisubiri. Wako watakaosema ajali haina kinga. Hii inayo: inauzwa ndani ya boksi pamoja na mashine, na sisi wenyewe tunaifungua na kuitupa. Wako watakaosema kinga inachelewesha kazi. Inachelewesha kweli kwenye kona, mahali finyu. Kwa nondo iliyobanwa juu ya meza haicheleweshi chochote. Wengine watasema vijana ndio wakaidi. Kijana hukaidi pale bosi wake anapokata bila miwani mbele yake.

Jibu lililo zito zaidi ni lile ambalo mafundi wenzangu hunieleza kwa sauti ya chini: ukiwapa mawakala swali jipya, umewapa mfuko mpya. Hofu hiyo si ya bure, nasi sote tunaijua. Kwa hiyo naomba liandikwe wazi kwamba ukaguzi huu hauna faini na hauna malipo. Wakala aandike kwenye stakabadhi ya patanti maneno mawili tu, "kinga ipo" au "kinga haipo", na nakala ibaki kwa fundi. Ziara inayofuata, aangalie kama hali imebadilika. Fundi aliyeandikiwa "haipo" apewe nafasi ya mafunzo, asiandikiwe deni. Pale ambapo hakuna pesa ya kutoa, hakuna pesa ya kula.

Naweka maombi yangu kwa mpangilio:

1. Kila ziara ya patanti kwenye atelye ya chuma iwe na maswali matatu: kinga ya grainda iko wapi, miwani iko wapi, na swichi inazima? Bila malipo, bila faini.

2. Komini zikae na INPP ya Lualaba, taasisi iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya mafunzo ya kazi kama haya, ipange mafunzo ya siku moja kwa zamu katika mitaa: kufunga diski, kulaza nondo, kuosha jicho. Yafanyike Jumapili mchana, wakati atelye zimefungwa, na kwa Kiswahili.

3. Wauza nondo waitwe mezani, waombwe kuweka mashine za wenzo. Atakayekubali atangazwe, ili wanunuzi wajue wapi pa kwenda.

4. Kazi za serikali, kuanzia madarasa hadi mitaro, zisipewe mkandarasi ambaye mafundi wake wanakata kwa grainda zisizo na kinga. Hapo komini ndiyo mteja, na mteja ana sauti.

5. Wanagenzi wa atelye waandikishwe. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtambua mwanagenzi, na inakataza kumpa mtoto kazi inayohatarisha afya na usalama wake. CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ina fungu la ajali kazini, lakini fungu hilo halimfikii kijana ambaye jina lake haliko popote. Tusaidiwe njia rahisi ya kuwaandikisha.

Mtaniuliza pesa zitoke wapi. Maswali ya wakala hayana gharama. Mafunzo na miwani yana gharama, lakini si ya kutisha. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi Machi 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha wa madini kwa serikali za mitaa ambako mgodi upo, na inazitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Shaba na kobalti vinatoka chini ya miguu yetu. Sehemu ndogo ya mapato hayo ikirudi kama miwani ya plastiki na mashine ya wenzo, hakuna atakayesema imepotea.

Mafundi wenzangu nao wanisikie, maana barua ya wazi haiwahusu wakubwa peke yao. Wakala hajafika bado. Kinga uliyoitupa pembeni iko wapi? Itafute leo, ifunge, na diski isiyo ya mashine yako irudishe ilikotoka. Mwanagenzi wako asikate mpaka wewe umevaa miwani kwanza.

Waheshimiwa, niko tayari kufika ofisini kwenu na grainda yangu, diski za aina zote na kipande cha nondo, niwaonyeshe mawakala wenu cha kuangalia kabla ya msimu ujao wa patanti. Siku mtakayoipanga, tutafika.

Wenu kwa heshima,

Fundi wa chuma, komini ya Manika, Kolwezi